Debe Tupu la Phoenix

Mwaka 1957, mjini Phoenix, Arizona, mtayarishaji wa muziki Lee Hazlewood alikuwa na karibu kila kitu alichohitaji. Alikuwa na mpiga gitaa wa miaka 19, Duane Eddy, aliyependa kupiga nyuzi nene za chini wakati wenzake wote walikimbilia zile nyembamba. Alikuwa na studio ya kurekodia, Audio Recorders, mali ya Floyd Ramsey. Alichokosa ni nafasi. Studio kubwa za Hollywood na Chicago zilikuwa na vyumba maalumu vya kunenepesha sauti. Studio ya Ramsey haikuwa nacho hata kimoja, na gitaa likipigwa humo sauti ilikufa pale pale ilipozaliwa.

Inasimuliwa kwamba Hazlewood na Ramsey walikwenda mahali palipokuwa na matangi makuukuu, wakawa wanaingiza vichwa, wanapiga kelele, wanasikiliza, kisha wanahamia tangi jingine. Waliponasa walichokitafuta, wakanunua: tangi la chuma la galoni 2,000, yaani lita 7,500 hivi. Ukichukua simtanki la lita 5,000 linalokaa juu ya paa la nyumba ya kupanga, ukaongeza nusu yake, utakuwa umelikaribia, ila hili lilikuwa la chuma na halikununuliwa kwa ajili ya maji.

Halikuingia mlangoni, likaachwa nje. Ndani yake wakaweka spika ndogo upande mmoja na maikrofoni upande wa pili. Eddy alikaa studioni na gitaa lake la Gretsch. Sauti ikapita kwenye waya hadi kwenye tangi, ikagonga chuma huku na huku, ikarudi kwa waya mwingine ikiwa imevimba. Baadaye Eddy alikuwa akieleza kwamba kabla ya kurekodi ilibidi mtu atoke nje kufukuza ndege waliotua juu ya tangi, maana milio yao nayo ingeingia kwenye santuri. Mwaka 1958 tangi hilo likasikika Marekani nzima katika "Rebel-'Rouser", iliyopanda hadi nafasi ya sita kwenye orodha ya Billboard.

Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma walikuwa wanamsema mtu. Hazlewood aliichukua methali kama ilivyo: alitaka debe, alitaka liwe tupu, na alikuwa tayari kulilipia livume.

Mpiga gitaa wa leo hana haja ya kwenda kubishana na muuza vyuma chakavu. Ana pedali sakafuni yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na juu yake kuna kitufe cha kuzungusha chenye majina: chumba, ukumbi, springi, bati, na mengine yenye mbwembwe zaidi. Anazungusha, anasikiliza, anachagua. Majina hayo amezoea kuyachukulia kama majina ya rangi za nguo. Lakini karibu kila moja lilikuwa kitu chenye uzito, kilichobebwa na watu wazima wakitokwa na jasho, na tabia ya kitu kile ndiyo inayosikika hadi leo pedali inapokanyagwa.

Kwanza ijulikane wanachotafuta wote hawa. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Mtu akipiga kofi mbele ya ukuta ulio umbali wa mita 17, kofi huenda na kurudi, jumla mita 34, na kumfikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikio hulipokea kama kofi la pili. Huo ni mwangwi. Akipiga kofi lile lile ndani ya chumba kitupu ambacho ukuta uko mita tatu tu kutoka alipo, la kwanza hurudi baada ya milisekunde 17 au 18, na nyuma yake yanafuata mengine kutoka darini, sakafuni, pembeni, mlangoni, mamia kwa mamia, kila moja limechoka kidogo kuliko lililotangulia. Sikio linashindwa kuyahesabu. Linayachanganya yote kuwa mkia mmoja unaofifia. Mkia huo ndio wapiga gitaa wanaouita reverbu, na sura hii itauita mvumo, kwa heshima ya lile debe.

Wa kwanza kuupima kwa utaratibu alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kesi ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, uliokuwa mpya na haufai kitu: neno moja lilielea hewani sekunde zaidi ya tano, na mhadhiri akawa anashindana na maneno yake mwenyewe. Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi usiku, kukiwa kimya, wakihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders uliokuwa jirani. Wanaweka mito kadhaa, wanapuliza bomba la kinanda, wanakata pumzi ya bomba na kuhesabu sekunde mpaka sauti itoweke. Wanaongeza mito, wanarudia. Kutokana na mito hiyo ilipatikana kanuni inayohusisha ukubwa wa chumba na vitu vinavyonyonya sauti, na pia kipimo kinachotumika hadi leo: muda ambao sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60. Kitufe kilichoandikwa "Decay" kwenye pedali ni mito ya Sabine.

Kwa nini gitaa la umeme liwe na njaa ya mvumo kuliko ala nyingine? Jibu limo mwilini mwake. Gitaa la kawaida lina tumbo. Hewa iliyo ndani ya tumbo hilo ni chumba chake kidogo cha kwanza. Gitaa la umeme la mbao nzito halina tumbo, na pikapu zake hazisikilizi hewa kabisa. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinazohisi tu jinsi uzi wa chuma unavyotikisika juu yake. Kinachotoka kwenye waya ni mtikisiko mtupu usiojua kama umepigwa kanisani au kwenye kabati la nguo. Mafundi wa studio wana neno zuri kwa hali hiyo: sauti kavu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuupeleka ukavu huo kwenye chumba halisi. Mwaka 1947 fundi wa Chicago, Bill Putnam, aliweka spika na maikrofoni ndani ya choo cha studio, akakitumia kuvumisha harmonika za kundi la Harmonicats katika wimbo "Peg o' My Heart". Ukavuma, na ukauzika vibaya sana. Capitol ilipofungua mnara wake Hollywood mwaka 1956 haikutaka kutegemea choo: ilichimba vyumba vya saruji chini ya maegesho ya magari, na mpiga gitaa Les Paul hutajwa kama mbunifu wake. Tangi la Phoenix liko katika ukoo huo huo, upande wa ndugu maskini.

Shida ya vyumba ni moja tu. Havibebeki.

Hapo ndipo springi inapoingia, na inaingia kupitia mlango ambao hakuna angeutazamia, ule wa kampuni ya simu. Watafiti wa maabara za Bell walitumia springi kuiga jinsi sauti inavyochelewa kwenye laini za masafa marefu. Laurens Hammond, mhandisi aliyepata fedha kwa saa za umeme, alizipeleka kwingine. Mwaka 1935 alikuwa ameanza kuuza kinanda chake cha umeme, kilichokusudiwa kushika nafasi ya vinanda vya mabomba vya makanisani. Wateja wengi walikipeleka kwenye sebule zenye mazulia na mapazia mazito, kisha wakashangaa kwa nini hakisikiki kama cha kanisani. Hakukuwa na kanisa. Hammond akawatengenezea la springi. Chombo chake cha mwanzo kilikuwa kirefu na cha kusumbua, na baadhi ya springi zake zilitumbukizwa kwenye mafuta. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 kampuni yake ilikuwa imeshakipunguza hadi kisinia chembamba cha chuma cha kuweka mapajani.

Anayetaka kukiona na azime amplifaya ya Fender Twin Reverb, ageuze mgongo wake umtazame. Chini kabisa, sakafuni mwa kabati, kuna mfuko mweusi wa plastiki ngumu. Ndani ya mfuko kuna sinia la chuma la urefu wa sentimita 43 hivi, na ndani ya sinia springi nyembamba zimenyooshwa, za aina ile inayopatikana ndani ya kalamu ya wino, ila ndefu na laini zaidi. Kila mwisho wa springi umeshikizwa kisumaku kidogo kilichokaa kwenye pengo la koili. Mkondo wa umeme kutoka kwenye gitaa unakinyonga kisumaku cha upande mmoja. Mnyongo huo unasafiri springi nzima na kukitikisa cha upande wa pili, ambacho kinazalisha umeme upya. Lakini si mnyongo wote unaotoka. Sehemu yake inagonga mwisho na kurudi, inaenda tena, inarudi tena, mpaka inaisha nguvu. Safari hizo ndizo "kuta" za chumba hiki kisicho na kuta. Kwa miaka mingi visinia vya Accutronics, jina ambalo bidhaa hii ilikuja kulibeba, vilibandikwa karatasi inayomweleza mnunuzi kwamba vimetengenezwa na wasichana warembo wa Milton, Wisconsin, katika hewa iliyodhibitiwa. Udhibiti wa hewa ulikuwa na maana ya kiufundi. Urembo ulikuwa wa kuuzia.

Sasa, springi ni chumba kibaya. Hilo lisemwe wazi. Hewani, sauti nzito na nyembamba husafiri pamoja. Kwenye springi kila moja ina mwendo wake, kwa hiyo pigo kali linapoingia likiwa kitu kimoja linatoka limevutwa, kama mtu aliyeambiwa aseme "ta" akasema "tyuu". Wapiga gitaa wa Marekani husema springi inadondosha, na ni kweli: ukibana uzi kwa kiganja na kuuchokonoa kwa haraka, unasikia tone la maji likianguka kwenye kisima. Hakuna ukumbi duniani unaofanya hivyo. Mhandisi angeiita kasoro. Wapiga gitaa wa pwani ya California waliiita bahari.

Mwaka 1961 kampuni ya Ampeg ilikuwa na amplifaya yenye springi ndani, Reverberocket, na mwaka huo huo Fender ikatoa boksi la kujitegemea, linalokaa kati ya gitaa na amplifaya, lenye vitufe vitatu: cha kuongeza nguvu inayosukumwa kwenye springi, cha kuchanganya, na cha toni. Jina linaloambatana na boksi hilo ni la Dick Dale, aliyekuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous kule Balboa. Watu wengi hudhani Dale alitaka mvumo kwa ajili ya gitaa. La hasha; aliutaka kwa ajili ya koo. Alikuwa anaimba pia, sauti yake haikuwa na mtetemo wa asili, na alijua kinanda cha Hammond kilivyofanya noti iendelee kuning'inia. Gitaa lilichomekwa baadaye. Wimbo wake "Let's Go Trippin'" wa 1961, unaohesabiwa miongoni mwa nyimbo za mwanzo kabisa za muziki wa mawimbi (surf) wa pwani hiyo ya California, hauna springi hata kidogo.

"Misirlou" ya 1962 ndiyo iliyozifunga bahari na springi pamoja masikioni mwa watu. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo la kutabasamia ambalo mashabiki wengi wa California hawakulijua. Misirlou ni neno la Kigiriki lililotoka Kituruki, na maana yake ni mwanamke wa Misri. Misri ile ile ya Kiswahili imo ndani ya jina. Wimbo ulikuwa wa zamani, ukipigwa na kuimbwa pande za mashariki ya Mediterania tangu miaka ya 1920. Dale, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Richard Monsour, alikuwa na asili ya Lebanoni kwa upande wa baba, na alikulia kwenye familia iliyopiga udi. Alichofanya ni kuuchukua mwendo wa udi, ule wa kuchokonoa noti moja mara nyingi mfululizo, akaufanyia kazi kwenye uzi mmoja mnene wa Stratocaster kwa kasi ya cherehani. Anayeujua udi wa taarab hatapata shida kuusikia chini ya kelele zile. Kila mchokonoo uliingia kwenye springi na kutoka na tone lake, na matone yakawa mengi kiasi cha kuwa mvua.

Mwaka 1963 Fender iliingiza springi ndani ya amplifaya yenyewe, kwanza Vibroverb, kisha Deluxe Reverb na Twin Reverb. Vitufe vitatu vikawa kimoja. Wapenzi wa muziki wa mawimbi wananung'unika mpaka leo, na wana haki yao: springi iliyo ndani ya amplifaya inakuja na adabu, wakati boksi la 1961 lingeweza kusukumwa mpaka springi zikapiga mayowe. Ila kwa wapiga gitaa wengi, wa kantri, wa bluzi, wa jazi, adabu ndiyo waliyoitaka, na springi ya Twin ikawa mvumo wa kawaida wa gitaa la umeme, ule usiotajwa jina mpaka utajwe mwingine.

Adabu ina mipaka yake. Ukiipiga teke amplifaya yenye springi, au ukiiburuta ikiwa imewashwa, springi hugongana na sinia na spika hutoa ngurumo ya radi. Wengi huomba radhi. Huko Kingston, Jamaika, Osbourne Ruddock, fundi wa redio na amplifaya ambaye dunia inamjua kama King Tubby, hakuomba. Katika miaka ya 1970 alizigongesha springi makusudi katikati ya nyimbo, na radi ile ikawa sehemu ya alfabeti ya dub, mtindo uliotokana na rege. Gitaa la rege, lile pigo fupi linalokaa kati ya mapigo ya ngoma, likitupwa ghafla kwenye springi na kuachwa lielee peke yake, ni jambo ambalo fundi wa redio alilielewa kabla ya wahandisi wa Hammond.

Bati lina tabia tofauti kabisa. Lilizaliwa Ujerumani mwaka 1957, kampuni ya EMT, likapewa namba 140. Ni bamba la chuma la mita mbili kwa mita moja, unene wake nusu milimita, limening'inizwa kwa mvutano ndani ya fremu, na yote hayo yamefungiwa kwenye sanduku refu la mbao. Uzito wake wote unakaribia kilo 270. Katikati ya bamba kuna kifaa kama moyo wa spika kinacholitikisa, na pembeni vinasio vinavyolisikiliza. Ukitaka mvumo mfupi, unasogeza ubao wa kunyonya sauti ulisogelee bamba. Ukitaka mrefu, unaurudisha nyuma. Ni kazi ya gurudumu moja, na ilitosha kuzifanya studio nyingi ziache kuchimba vyumba.

Kwenye bati sauti nyembamba hukimbia kuliko nzito, na hakuna kusubiri ukuta wa mbali: mvumo unaanza mara moja, mzito kama uji, ukimeta juu. Ndiyo maana waimbaji walilipenda. Mpiga gitaa, kusema kweli, hakuwahi kulimiliki. Nani angelipandisha jukwaani? Bati lilikuwa la fundi wa kuchanganya sauti, nyuma ya kioo, na gitaa lililovumishwa kwa bati lilivumishwa baada ya mpigaji kwenda nyumbani. Anayegeuza kitufe chake kwenye neno "Plate" leo anaazima chombo cha mtu mwingine, na hata sauti yake inaonyesha hivyo: inasikika kama santuri iliyokamilika, si kama gitaa ndani ya chumba. Kwa solo ndefu za noti chache, hakuna kinacholishinda.

Kisha zikaja kompyuta. Manfred Schroeder wa maabara za Bell, zile zile za springi, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mvumo unaweza kutengenezwa kwa hesabu tupu, kwa kuchelewesha sauti mara nyingi na kuirudisha ndani ya yenyewe. Mashine ya kununulika ilisubiri hadi 1976, EMT 250, kazi ya Barry Blesser. Mnara mwekundu wenye vishikio juu, uliofananishwa na hita ya kupasha joto chumba. Miaka miwili baadaye Lexicon ikaleta 224, ya mwanafizikia David Griesinger. Zilichofanya mashine hizi, na ambacho vitufe vingi vilivyoandikwa "Hall" bado vinakifanya, ni kuzitikisatikisa taratibu zile nyakati za kuchelewa ili mkia usipige kelele ya bomba. Matokeo yake ni ukumbi unaopumua. Ukumbi wa kweli haupumui. Kuta zake zimesimama. Lakini masikio yamezoea huu wa uongo kiasi kwamba mtu akipelekwa kwenye ule wa kweli anaweza kulalamika kwamba umekufa. Mwaka 1987 Boss iliuingiza mvumo wa dijitali kwenye pedali ndogo, RV-2, na tangu hapo hadithi ya uzito ikaisha.

Uzito ulipoisha, wapiga gitaa waliacha kuiga majengo.

Dalili zilikuwepo tangu enzi za tepu. Jimmy Page, akiwa na Yardbirds mwaka 1967, alitaka tepu igeuzwe, mwangwi urekodiwe ikiwa kinyume, kisha igeuzwe tena, ili mkia usikike kabla ya noti iliyouzaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kevin Shields wa My Bloody Valentine alipata kitu cha jamii hiyo kwenye mashine ya Yamaha SPX90, mvumo unaovimba badala ya kufifia, akaongeza ujanja wa kushika mkono wa kutetemesha nyuzi wakati wote anapopiga, noti zikawa zinayumba kama taa ya kandili kwenye ngalawa. Albamu "Loveless" ya 1991 imejaa hayo. Katika muziki wa namna hii hata mpangilio wa pedali ulipinduliwa. Kwa kawaida sauti hukwaruzwa kwanza, ndipo ivumishwe. Hawa wakavumisha kwanza kisha wakaukwaruza mvumo wenyewe, na chumba kizima kikachanika pamoja na gitaa.

Upande wa pili wako Brian Eno na Daniel Lanois, ambao katika kazi zao za miaka ya 1980, ikiwemo albamu ya U2 "The Unforgettable Fire" ya 1984, walizungusha mvumo kupitia mashine ya kupandisha sauti. Mkia unapanda oktavu moja, unarudishwa kwenye mvumo, unapanda tena. Noti moja ya gitaa inaota kwaya juu yake. Siku hizi pedali nyingi zina kitufe chake, kilichoandikwa "Shimmer", na kimetumika kupita kiasi. Kuna nyimbo za kanisani na matangazo ya benki ambayo mtu hawezi kuyatofautisha kwa sababu hiyo. Kinafaa sana pale ambapo gitaa halina la kusema. Ndiyo hatari yake.

Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, halihusu aina. Mpigaji akiwa peke yake chumbani anachagua ukumbi mkubwa wa sekunde nne, na anajisikia mfalme. Jioni anaungana na ngoma, besi na kinanda ndani ya baa yenye sakafu ya vigae, ambayo tayari ina mvumo wake wa bure, na gitaa linapotea kama mtu aliyeingia kwenye ukungu na shuka jeupe. Wazoefu hufupisha mkia, hupunguza kiasi, na hutumia kitufe ambacho wengi hawakigusi, kile cha kuchelewesha mwanzo wa mvumo. Milisekunde 30 zinatosha. Ni kama mita tano za hewa kati ya noti na ukuta wa kwanza: noti inasemwa kavu, inaeleweka, ndipo mkia unafuata. Wengine wanachukua springi, wanaiweka kwenye mbili au tatu kati ya kumi, na hawaigusi tena mwaka mzima.

Aina ya mwisho imerudi ilikoanzia. Tangu mwaka 1999, Sony ilipotoa mashine yake ya DRE-S777, imewezekana kuunasa mvumo wa mahali halisi: mtu anapasua puto, anafyatua bastola tupu au anapiga mlio unaopanda kutoka mzito hadi mwembamba, anarekodi jengo linavyojibu, na jibu hilo linatumika kuvumisha sauti yoyote. Makanisa, mapango, ngazi za maghorofa, vyote vimenaswa. Mabati ya EMT yamenaswa pia, na springi za Fender.

Waliokwenda mbali zaidi walikwenda Inchindown, kaskazini mwa Uskoti, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili yalichimbwa matangi ya mafuta ya meli za kivita ndani ya kilima. Kila tangi kubwa lina urefu wa zaidi ya mita 200 na lilichukua lita milioni 25 hivi. Njia ya kuingia ni bomba ambalo kipenyo chake hakifiki nusu mita, kwa hiyo mtu anasukumwa ndani akiwa amelala. Trevor Cox, profesa wa sauti wa Chuo Kikuu cha Salford, aliingia hivyo, risasi tupu ikafyatuliwa, akapima. Kwenye masafa ya hezi 125, ambayo ni jirani na nyuzi nene za gitaa, mvumo ulichukua sekunde 112 kushuka kwa desibeli 60, na mwaka 2014 Guinness ikautambua kuwa mrefu kuliko wowote uliowahi kupimwa. Ni debe tupu, kama lile la Hazlewood, ila hili ni la saruji na lina ukubwa wa mtaa. Risasi moja humo inavuma karibu dakika mbili. "Rebel-'Rouser" nzima, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, ina dakika mbili na sekunde ishirini na kitu.